Ongeza Kila Wakati

Jina la Mizani alipewa na wanafunzi wake, naye alilivaa kifua mbele. Alikuwa na tabia ya kuhesabu silabi kwa vidole hata katikati ya mazungumzo: kidole gumba kinawagusa wenzake mmoja mmoja, midomo inacheza bila sauti, na zikitimia nane anatabasamu peke yake. Ushairi hakufundishwa na mtu. Hesabu vilevile. Aliacha shule mapema, akazisoma mwenyewe kwenye vitabu vilivyong'oka majalada, mpaka akawapita waliosomeshwa. Mtu wa namna hiyo, aliyejijenga tofali kwa tofali, mwambie amekosea uone moto.

Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga juu ya duka la kinyozi: mabenchi sita, ubao mmoja, dirisha lisilofungika. Humo aliwafundisha watu wazima waliotaka kuingia vyuoni au kupanda cheo kazini, watu waliokuwa na mtihani mbele yao, ule wa maswali sitini ya kuchagua jibu, wenye dakika zilizopimwa na karatasi inayosahihishwa na mashine. Kila kanuni ya hesabu aliitungia ubeti. Wanafunzi waliimba, na waliimba kwa raha, na wengi walifaulu. Jambo hilo halikumsaidia kupunguza kiburi.

Ubeti alioupenda kuliko zote ulikuwa wa wastani wa namba zinazofuatana.

"Swali hili halikosi," alikuwa akiwaambia, chaki mkononi. "Watakupa kuanzia kumi na nne hadi ishirini na mbili, wakuulize wastani. Mwenzako atajumlisha moja moja mpaka karatasi ilowe jasho. Wewe unachukua ya kwanza, unachukua ya mwisho, unaziunganisha, thelathini na sita, unakata kati, kumi na nane. Umemaliza, unamwangalia mwenzako kwa huruma."

Kisha chumba kizima kiliimba, na kinyozi kule chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio, ama kwa kuchoka ama kwa kuitikia:

*Ya kwanza nayo ya mwisho, unganisha kata kati,*
*Acha woga na vitisho, jibu lako ni thabiti,*
*Toa mwanzo kwenye mwisho, idadi hiyo ya dhati,*
*Zizidishe pasi jasho, jumla haisaliti.*

Mistari miwili ya kwanza inakupa wastani. Miwili ya mwisho inakupa jumla: unatafuta idadi ya namba, unaizidisha na wastani, basi. Mizani aliamini hakuna aliyewahi kuibana hesabu ndani ya ubeti kwa ufundi kama ule.

Mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote hakuwahi kukaa kwenye mabenchi yale. Alikuwa dada yake, mtoto wa kwanza wa mama yao, aliyembeba mgongoni na kumlea baada ya mama kufariki. Dada alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na zamu yake iligongana na saa za darasa. Miaka kumi na miwili alikuwa akiosha mashuka ya wagonjwa bila kuwaona wagonjwa wenyewe, na alichotaka duniani ni kuvuka korido ya hospitali, aende upande wa pili, awe muuguzi. Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi alikuwa ameufeli mara mbili, na mara zote mbili hesabu ndizo zilizomwangusha. Chuo hakikupokea aliyetimiza miaka thelathini na mitano. Yeye angeitimiza mwezi unaofuata. Mtihani ulikuwa Jumamosi, na baada ya Jumamosi ile hapakuwa na Jumamosi nyingine.

Kwa hiyo Mizani alimrekodia beti zote kwenye simu, kwa sauti yake mwenyewe. Dada alizisikiliza miezi minne, akikunja mashuka.

*

Ijumaa, siku moja kabla ya mtihani, darasa la mchana lilikuwa linakaribia kuisha. Mlinzi mmoja wa jengo la ofisi, mtu mzima mwenye sharubu nene ambaye alikuwa akisomea cheo cha msimamizi, aliinua mkono.

"Mwalimu, hapa pana kitu hakikai."

"Kikalishe."

"Nimejaribu, kinasimama." Watu wakacheka. Mlinzi akaendelea taratibu, kidole juu ya daftari. "Zoezi linasema jumla ya namba kuanzia kumi na nne hadi ishirini na mbili. Wastani nimepata kumi na nane, safi. Idadi, kwa ubeti wako, nimetoa mwanzo kwenye mwisho, nimepata nane. Sasa mimi, mwalimu, ghorofa yangu ina milango kuanzia namba kumi na nne hadi ishirini na mbili. Naifunga kila siku jioni. Funguo ni tisa."

"Labda kuna mlango unaufunga mara mbili."

"Labda. Ila funguo nimezibeba miaka sita, hazijawahi kuwa nane."

Mizani alisikia masikio yanamchoma. Hakuangalia namba. Aliangalia nyuso, zile nyuso ishirini na kitu zilizokuwa zinasubiri.

"Bwana mlinzi," akasema, "wewe kazi yako kufunga milango, mimi kazi yangu kufungua vichwa. Tukibadilishana, jengo litaibiwa na darasa zima litafeli."

Kicheko kilipasuka mpaka kinyozi akagonga dari. Mlinzi naye alicheka, kidogo, kwa adabu, kisha akafunga daftari.

"Haya, mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Watu walipotoka, Mizani alibaki na chaki. Kwa dharau, kama mtu anayemaliza ubishi ambao ameshaushinda, alianza kuhesabu kwa vidole. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Kidole gumba kiligusa, kikagusa, kikarudi mwanzo. Ishirini na moja ilikuwa ya nane. Ishirini na mbili ikabaki haina pa kukaa.

Akahesabu tena. Akaandika ubaoni moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Tisa.

Bila shaka ni tisa. Ukitoa mwanzo kwenye mwisho unaitupa namba ya kwanza nje, na yenyewe imo. Lazima uongeze moja. Hilo Mizani alilijua tangu zamani, ndilo lililomuuma. Na wastani ulikuwa umelificha kosa muda wote: uhesabu nane, uhesabu tisa, katikati ni palepale, kumi na nane. Kosa linajitokeza ukiulizwa jumla tu, na wanafunzi wake mara nyingi hawakufika kwenye mistari ile miwili ya mwisho. Waliishia kwenye wastani, wakapiga makofi.

Alikumbuka vizuri jinsi neno *moja* lilivyotoka kwenye ubeti.

*

"Kwa dhati!" kinyozi alisema mara moja, Mizani aliposhuka kumuuliza mstari wa tatu ulikuwaje hapo mwanzo. Alikuwa ananyoa kidevu cha mteja aliyesinzia. "Nakumbukaje nisikumbuke? Uliniimbia hapo hapo ulipo. *Toa mwanzo kwenye mwisho, ongeza moja kwa dhati.* Nikakuuliza, mtu anaongezaje moja kwa dhati? Kuna anayeongeza moja kwa unafiki?"

"Ukacheka."

"Nilicheka sana. Wewe ukanuna siku mbili, halafu ukaja na idadi hiyo ya dhati. Nikakwambia sasa umetunga."

"Nilisema nitakuwa nawaambia kwa mdomo. Kwamba waongeze moja."

"Ukawaambia?"

"Darasa la kwanza niliwaambia." Mizani alikaa kwenye kiti cha wateja. "La pili pia, nadhani. Baadaye ubeti ukawa unaimbika wenyewe."

Kinyozi aliinua wembe. "Na dada yako?"

Dada hakuwa katika darasa la kwanza wala la pili. Dada alikuwa na simu.

"Basi si mwisho wa dunia," kinyozi alisema. "Saa tisa hii. Nenda kamwambie: dada, ongeza moja. Maneno mawili, bwana. Hata silabi nane hayafiki."

"Humjui. Kanuni kavu hazimkai kichwani. Hivyo ndivyo alivyofeli mara mbili."

"Ni yeye hazimkai, au ni wewe huwezi kuzisema?"

Mteja aliyesinzia alifungua jicho moja kusikia jibu. Mizani alikuwa ameshatoka.

*

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali, kina mvuke kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mashine nne kubwa zilikuwa zinanguruma. Wanawake sita walikunja mashuka wawiliwawili, wakikutana na kuachana, na walikuwa wanaimba. Mizani alisimama mlangoni akasikia ni nini wanachoimba.

"*Acha woga na vitisho, jibu lako ni thabiti!*"

"Huyo hapo mwenye wimbo!" alipiga kelele msimamizi wao, mwanamke mpana waliyemwita Mama Mashuka. "Njoo, njoo, mwanangu. Umetuharibia watu. Hata mimi nalala naota namba zinafuatana kama bata."

Dada alimwacha mwenzake na ncha ya shuka, akamjia huku akifuta mikono. Uso wake ulikuwa umenawiri. Mizani alikuwa hajauona uso ule hivyo kwa miaka.

"Mdogo wangu! Ngoja uone. Mama Mashuka, niulize."

"Kuanzia hamsini hadi sitini!"

"Wastani hamsini na tano."

"Kuanzia saba hadi kumi na tisa!"

"Kumi na tatu!"

"Kuanzia siku niliyoolewa hadi siku niliyojuta!"

"Hapo katikati hamna kitu, Mama Mashuka, ni siku moja."

Vicheko vikapanda juu ya ngurumo za mashine. Mizani alicheka kwa meno tu. Alisikia sauti yake ikiuliza:

"Na jumla je? Hiyo ya hamsini hadi sitini?"

Dada aliinua uso, macho yakatafuta juu ya ukuta, midomo ikaimba bila sauti. "Sitini toa hamsini, kumi. Kumi mara hamsini na tano." Akapiga kofi moja. "Mia tano na hamsini!"

Wenzake walishangilia. Namba kuanzia hamsini hadi sitini ni kumi na moja, na jumla yake ni mia sita na tano. Mizani alilijua jibu hilo kama anavyojua jina lake. Wanawake sita walikuwa wanamtazama kama watu wanavyomtazama fundi aliyetengeneza kitu kizuri.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Alijiambia atamwambia pembeni. Dada alimsindikiza mpaka kwenye korido, akamkatia kipande cha mkate wake kama alivyokuwa akimkatia zamani.

"Kula, umekonda. Sikiliza nikwambie kitu. Safari hii siogopi. Mara zile mbili nilikuwa nikiiona karatasi tu, kichwa kinafunga. Sasa nikikwama naisikia sauti yako. Ni kama umekaa pembeni yangu." Akamgusa shavu kwa mkono wenye harufu ya sabuni. "Mbona uko hivyo?"

"Nimechoka tu."

"Nenda ukalale. Kesho saa tatu uniombee."

Mizani alikwenda zake na ule mkate mkononi. Njiani alijipa sababu, na sababu zilikuwa nyingi na zote zilikuwa na sura nzuri. Akimvuruga leo, hofu itarudi. Huenda swali la jumla lisije. Na hawezi kumpelekea kosa mikono mitupu. Atampelekea mstari mpya, uliopimwa sawasawa, utakaoshika kama ile mingine. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomkaa moyoni. Alianza kuhesabu vidole kabla hajafika kwake.

*

Mstari ulimsumbua. Ubeti ulikuwa umefungana kama meno. Kugusa mmoja ni kuing'oa yote. Mwishowe aliamua kuuacha ubeti ulivyo na kuongeza mstari wa tano chini yake, uwe kama kiitikio. Kina cha kati kiwe *sho*, cha mwisho kiwe *ti*. Moja ndiyo nini? Moja ndiyo hitimisho. Nane, bila chenga. Nusu ya pili ilikataa mpaka asubuhi, alipokuwa amesimama mbele ya kioo anafunga vifungo vya shati. Ikaja yenyewe, na ilikuja inateleza, haina neno la kujazia, haina kilema. Mizani alicheka peke yake.

Alifika kwenye lango la chuo saa tatu kasorobo. Watahiniwa walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na penseli mbili na kifutio. Dada alikuwa amevaa gauni lake la heshima, midomo inacheza.

"Umekuja!"

"Nimekuletea kitu. Mstari wa tano, wa ule ubeti wa wastani."

Dada aliacha kutabasamu. "Leo? Sasa hivi?"

"Ubeti ulikuwa haujakamilika. Nimeukamilisha. Sikiliza: *Moja ndiyo hitimisho, ongeza kila wakati.*"

"*Moja ndiyo hitimisho...*"

"*Ongeza kila wakati.* Mwishoni, unaongeza moja."

Dada alirudia mara tatu, macho ameyafumba. Mara ya tatu haukuwa na pa kukwaruza. Mstari ulikuwa mzuri, hilo halina ubishi. Lango lilikuwa linafunguliwa, na mtu mmoja mwenye karatasi alikuwa anaita namba.

"Kila wakati?" Dada aliuliza akiwa ameshaanza kusogea.

"Kila wakati, usisahau!"

Akainua kidole gumba. Dada naye akainua chake, akaingia.

Neno "nilikosea" Mizani hakulitamka. Aliligundua hilo baadaye, alipokuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara anasubiri, na alilisukuma mbali. Kosa limesahihishwa, la nini kulipa jina?

*

Dada alitoka saa sita, wa kwanza kabisa, karibu anakimbia.

"Yamekuja matatu!" alisema akimshika mabega yote mawili. "Matatu mazima ya namba zinazofuatana! Nilipoyaona nikataka kupiga vigelegele mle mle ndani."

"Yapi? Niambie moja moja."

"La kwanza, wastani wa namba zote kuanzia thelathini na moja hadi thelathini na tisa."

"Thelathini na tano," Mizani akasema.

"Na moja, thelathini na sita."

Mizani alimtazama.

"Hitimisho," Dada akasema. "Nikakata kati, nikapata thelathini na tano, nilikuwa nimeshalipaka lile duara. Nikakumbuka mstari wako, nikafuta. Na thelathini na sita ilikuwepo kwenye majibu, nikajua ndiyo yenyewe." Alikuwa anaongea haraka. "La pili: namba tano zinafuatana, wastani wake ishirini na saba, kubwa yao ni ipi. Nikazipanga mkononi, ishirini na saba katikati, mbili huku, mbili huku. Ishirini na tisa. Nikaongeza moja, thelathini. Ilikuwepo pia. La tatu ndilo la jumla, ishirini na moja hadi thelathini. Idadi tisa, na moja kumi. Wastani ishirini na tano na nusu, na moja ishirini na sita na nusu. Zidisha, mia mbili sitini na tano. Ilikuwepo!"

Watahiniwa wengine walikuwa wanatoka, wanawapita kushoto na kulia. Jibu la tatu lilikuwa mia mbili hamsini na tano. La pili ishirini na tisa. La kwanza thelathini na tano. Mtungaji wa mtihani anajua watu watakosea wapi na anawawekea jibu la kuwapokea. Mizani mwenyewe alikuwa akiwafundisha hilo.

"Dada," akasema. "Ile moja ni ya kuhesabu tu. Ya idadi. Ukishatoa mwanzo kwenye mwisho. Wastani hauongezewi kitu."

"Ulisema kila wakati."

"Kila wakati unapohesabu idadi."

"Nilikuuliza," Dada akasema. "Pale langoni. Nilikuuliza kila wakati, ukasema kila wakati."

"Ilikuwa... neno lilihitaji kuishia na *ti*."

Alisikia jinsi lilivyotoka. Furaha ilimtoka Dada usoni polepole, kama maji yanavyotoka kwenye nguo iliyoning'inizwa.

"Yaani ubeti wa mwanzo ulikuwa na kosa."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. Kwa sekunde moja alikuwa na uongo mzima mdomoni.

"Jana mchana. Saa nane."

Dada alihesabu. Ilionekana kabisa anahesabu. "Saa kumi ulikuwa kazini kwangu. Uliniuliza jumla. Nikakujibu, wenzangu wakashangilia." Sauti yake haikupanda. "Ukasema vizuri sana."

"Nilitaka nikuletee kitu kinachoshika."

"Ungeniambia nimekosea, ningeshika. Mimi naambiwa nimekosea kila siku, sijafa. Ni wewe usiyeweza."

Akamwachia mabega, ambayo alikuwa bado ameyashika, akaenda zake.

*

Siku kumi na moja Dada hakupokea simu. Jumatatu Mizani alilifundisha darasa lake upya. Aliwaambia kuna "nyongeza kwenye mstari wa tatu", akaandika ubaoni bila kutaja nani aliyeigundua wala kwa nini. Mlinzi mwenye sharubu aliandika kwenye daftari lake kimya, hakuinua macho, na Mizani alimshukuru kwa hilo na kumchukia kwa hilo.

Siku ya kumi na mbili matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa nje wa chuo. Alifika mapema, akamkuta Dada ameshafika pamoja na Mama Mashuka na mwenzao mmoja, wote watatu katika nguo zao za kazi. Karatasi ilikuwa na namba za watahiniwa na alama zao. Kupita ni arobaini. Dada alikuwa ameweka kidole juu ya namba yake, na kidole kilikuwa hakiondoki.

Thelathini na nane.

Mizani hakuhitaji vidole. Mistari yote mitano ilimpotezea maswali matatu. Angemwambia maneno mawili makavu siku ile kwenye korido, angepata arobaini na moja. Hata angenyamaza kabisa, akamwacha na ubeti wenye kosa, angekosa lile la jumla peke yake na kupata arobaini. Kila njia ilikuwa inamfikisha isipokuwa ile moja aliyomchagulia.

"Mbili tu!" Mama Mashuka alikuwa analia waziwazi. "Jamani, mbili tu! Nini kilikushinda, mwanangu? Na ulikuwa unajibu kama maji!"

"Hesabu," Dada akasema. Alikuwa amemwona Mizani; macho yao yalikutana juu ya bega la Mama Mashuka, na akayaondoa yake. "Hesabu zimenishinda. Kichwa changu ni kizito, basi."

"Kizito wapi! Niseme nini basi kwa wale kule kazini?"

"Waambie hivyo hivyo."

Pale palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Angeweza kusimama vile alivyosimama, mdogo mtu aliyekuja kumfariji dada yake, na wanawake wale wangemshika mkono na kumpa pole. Ubeti wake ungeendelea kuimbwa kwenye chumba cha kufulia.

"Si kichwa chake," akasema.

Wakageuka. Na watu wengine waliokuwa wanatafuta namba zao wakageuka pia.

"Wimbo ulikuwa na kosa. Ule mnaouimba. Niliujua una kosa tangu siku ile nilipokuja, alipojibu jumla mkashangilia. Jibu halikuwa lile. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu. Halafu asubuhi ya mtihani nikampa mstari mwingine, na huo ndio uliomwangusha. Maswali yale aliyajua. Alishayapata, akafuta kwa sababu yangu. Nilikosea."

Lilikuwa neno la silabi tano, na halikuwa na kina cha kushikana na chochote. Mama Mashuka alijifuta macho kwa upindo wa gauni, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Na ile miaka thelathini na mitano," akasema, "utairudisha wewe mwezi mmoja nyuma?"

"Mwacheni," Dada akasema. Aliondoa kidole kwenye karatasi. "Twendeni, zamu inaanza saa nne, na mashuka ya wodi ya watoto hatujayagusa."

Alipompita hakusimama. Hatua tatu mbele akasimama, akasema bila kugeuka: "Usije kazini. Wala usinipigie. Nikitaka kukuona nitakuja mwenyewe." Kisha: "Chakula uwe unakula."

Watatu wale walishuka barabara, Mama Mashuka akiwa amemshika Dada kiuno, mpaka kona ikawachukua. Nyuma ya Mizani watu walikuwa wanasukumana, shingo zimenyooshwa kuelekea kwenye karatasi.

"Kaka," sauti ya msichana mmoja ikasema, kwa haraka ya mtu ambaye bado hajui lake, "kama umeshaona, tupishe."

Akawapisha.